Tulikosa Tente, Tukaangukia kwa Tante

Mpendwa Maman Gisèle,

Naomba msaada wako, lakini natanguliza neno moja: usiniambie nivumilie, kwa sababu hilo nimeshaambiwa na nyumba nzima, na jina langu usilifiche, maana hapa Bagira limeshatembea bila mimi. Mimi ni Pascaline, nina miaka ishirini na minne, nafundisha shule ya msingi, na kosa langu ni kupenda kutembea.

Likizo ya Pasaka tulipanga safari ya kisiwa cha Idjwi, marafiki wanne, mimi na Larissa na mchumba wake Gentil, pamoja na Aganze ambaye tulisoma naye, kila mtu na mfuko wake mgongoni, hoteli hakuna, tungelala ndani ya tente na kujipikia ufukweni, na kwa kuwa uwezo wetu ni mdogo tulipanda boti ya mizigo tukakaa juu ya magunia ya simenti tukiimba mpaka tukafika. Tente ilikuwa kazi ya Gentil. Alimwendea tonton wake, yaani mjomba, akamwambia, "Tonton, unipatiye tente ya siku tatu," na huyo tonton anakodisha tente za harusi na matanga, basi akampa anayoijua yeye, kitambaa kikubwa cheupe kimekunjwa vizuri, bila hata chuma kimoja cha kukisimamisha, na Gentil akakibeba kutoka Bukavu mpaka Idjwi akilalamikia uzito bila kukifungua. Tulikifungua mvua ikiwa imeshaanza. Maman, kilikuwa bado na maua ya plastiki.

Tukajifunika hicho kitambaa vichwani, tukapanda kilima mpaka kwa Tante Adolphine, shangazi yake Aganze, mjane, mtu wa kanisa na wa sheria, naye akatusimamisha mlangoni tukichuruzika maji. Larissa, Tante alimtambua kuwa wa Gentil kwa sababu ya pete. Kisha akanionyesha mimi kwa kidevu, akamuuliza Aganze, "Na huyu mutoto mwanamuke, iko wa nani?" Aganze akajibu bila hata kumeza mate, "Iko fiancée yangu, tante." Nilisikia nikiitwa mchumba, nikanyamaza, na hapo ndipo ninapojilaumu, kwa sababu nilikuwa nimelowa chapachapa na huko ndani nilisikia harufu ya sambaza, vile visamaki vya ziwani, zikikaangwa.

Kesho yake tukapeleka habari kwamba tunataka kurudi, boti haikuja, walisema injini imekufa, itakuja keshokutwa, na keshokutwa haikuja, na mimi siwezi kula cha mtu nikiwa nimekaa, kwa hiyo nilishika mwiko nikasonga bugali siku tatu, Tante akiniangalia tu. Siku ya kuondoka aliufunga ule mwiko ndani ya kipande cha kitenge akanipa, akasema, "Beba, maman. Mwenye alisonga nayo, iko yake." Nikashukuru kwa mikono miwili, nikidhani ni zawadi.

Kumbe nilikuwa nimepokea jiko la watu. Familia ya Aganze wametuma ujumbe kwamba Jumapili baada ya hii watakuja nyumbani na vinywaji kumsalimu papa, kwa kuwa mtoto wake ameshika mwiko wa kwao na ameondoka nao, na papa, ambaye jambo lenyewe limempendeza, ananiuliza, "Uliipokea mwenyewe, sasa unakataa juu ya nini?" Nikamwita Aganze akaseme ukweli, akanichekea, "Waache wakuye tu, mapendo itakuya nyuma. Na ile mambo ya kubeba mufuko ku mugongo itaisha, bibi ya mutu hawezi kuzunguka-zunguka."

Simtaki Aganze. Ni rafiki mzuri wa kukubebea sufuria, basi. Mimi na Larissa tumeshapanga kwenda kwa miguu mpaka Mumosho kuuangalia mto Ruzizi, na ninafikiri niondoke asubuhi ya Jumapili hiyohiyo, wakute kiti changu kitupu. Je, nikifanya hivyo nitakuwa nimekosa adabu, au waliokosa ni wao?

Pascaline, Bagira

---

Pascaline,

Nilicheka kwenye maua ya plastiki, nikaacha kucheka mlangoni kwa Tante Adolphine. Tuanzie hapo. Mtu aliuliza wewe ni wa nani, mwingine akajibu, na wewe ukanusa sambaza. Aganze alidanganya, lakini uongo wake uliula siku tatu pamoja na bugali, kwa hiyo usinijie hapa na mikono myeupe. Yule mjane alikosa nini? Alifungua mlango, akamwamini mtoto wa ndugu yake, akakuona unasonga, moyo wake ukatulia. Ukiacha kiti kitupu, aibu itamwangukia yeye, naye hakuistahili.

Mengine yote ni ya kwao. Mimi ni mzaliwa wa Bukavu, nimeolewa miaka thelathini na mmoja, vikao vya mahari nimekaa mpaka miguu imekufa ganzi, na sijaona hata kimoja ambapo mwiko ulijibu badala ya msichana. Wazee walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe jembe hukulingoja, ulitafuta kazi mwenyewe. Hayo ni malezi mema, na mama yako apongezwe, lakini malezi si ndoa. Ulishika mwiko, hukuvunja mwiko.

Ati mapendo itakuya nyuma. Nyuma ya nini? Hata ile boti walisema itakuja. Kijana anayekuposa kwa uongo, kisha anaanza kukukataza barabara kabla hata vinywaji havijafika, mimi simwiti mchumba.

Sasa sikiliza. Mumosho hutaenda Jumapili hiyo. Ruzizi haihami. Leo hii kaa karibu na papa wako, wewe mwenyewe, usimtume mama, umwambie: "Papa, nilikosa kunyamaza, unisamehe. Lakini ndoa hii siikubali." Akipandisha sauti, wewe usipandishe, rudia maneno hayohayo.

Jumamosi hii, kabla ya Jumapili yao, panda boti urudi Idjwi. Mwiko uwe ndani ya kitenge chake, uurudishe kwa mikono miwili kama ulivyoupokea. Aganze aende nawe, na aseme yeye kwanza, maana hata siku ile alianza yeye. Akikataa kwenda, nenda na Larissa, useme yako na uongo wake uuseme pia. Uliniomba nisikuambie uvumilie. Nakuambia: hasira za Tante Adolphine uzivumilie zote, hizo umezichuma. Ndoa usiivumilie hata siku moja.

Na siku mtakayokwenda Mumosho, kama mtalala huko, Gentil aifungue hiyo tente hapa Bukavu kwanza, mchana, mbele ya mashahidi.

Tante atasimama tena mlangoni, namjua bila kumwona. Akiuliza huyu mutoto mwanamuke iko wa nani, usimwangalie Aganze. Jibu mwenyewe.

Maman Gisèle