Wavu Chini ya Puti

Jumatatu, 2 Juni
Mwezi wa kumi na tisa tangu nitoke nyumbani. Leo nimeanza kuvua puti, ule uji unaokauka kuziba mabonyeo, kwenye gari la mama mkunga. Ijumaa napanda basi, Jumamosi binti yangu anaolewa. Bosi kasema wazi: ukimaliza hilo gari, ruhusa unayo. Nikajibu siku tatu zinatosha. Wiki jana nilipitisha sumaku bodi nzima kutafuta palipokosa bati, ikanata kila mahali. Nikamwambia na mama mkunga mwenyewe: bati lako zima, mama, ni mikwaruzo tu.

Jumanne, 3 Juni
Puti juu ya puti. Nyeupe, chini yake ya kijivu, chini yake nyekundu — kila fundi kafunika uchafu wa mwenzake. Napasha kwa tochi ya gesi, inalainika, nakwangua kwa patasi. Moto ukizidi bati linajikunja. Ukipungua patasi inateleza, inakula vidole. Asubuhi nzima, nusu mlango! Mpiga rangi wa gereji kanipita anacheka: unatengeneza gari au unachimba kisima? Mdomo ulijaa vumbi.

Jumatano, 4 Juni
Laana! Chini ya mlango wa dereva patasi imezama mpaka mpini. Hakuna bati. Kuna wavu wa waya, ule wa banda la kuku, umekandikwa puti nyembamba juu, nyuma unene wa vidole viwili. Na vipande vya debe la mafuta. Ndiyo maana sumaku ilinata — ilinata kwenye wavu! Miaka kumi na moja nafanya kazi ya bodi, leo nimedanganywa na banda la kuku.
Nguzo ya katikati ya milango nayo vilevile. Nimeigonga, inalia du, kama boga. Hapo ndipo mkanda wa kiti unapofungwa. Kukata kutu na kuchomelea bati jipya: siku tano, tena nikikimbia.
Binti kapiga simu. Anauliza suti yangu bado inanitosha? Nikasema nimekonda, itanipwaya. Akacheka sana. Nikarudi kwenye nguzo.

Alhamisi, 5 Juni
Bosi kachungulia, kashika kiuno. Rudishia puti, kasema. Mpiga rangi akadakia: kwani hiyo nguzo ndiyo inaolewa Jumamosi? Nikawaambia yule mama anakimbilia wajawazito na hilo gari, barabara zenyewe mashimo matupu, na mimi ndiye niliyemwambia zima. Bosi akasema basi chomelea, lakini ruhusa ni baada ya gari. Hakuna mwingine hapa wa kuchomelea. Halafu akalainika: kopo moja tu la puti, fundi, kesho saa sita uko njiani.
Mchana mama mkunga kapita, kaniletea maji baridi. Vipi fundi, tunaendeleaje? Bado nakwangua, mama, nikasema. Mwoga mkubwa mimi.

Ijumaa, 6 Juni
Begi liko mlangoni. Mpiga rangi kanichanganyia puti mwenyewe, kaitia dawa ya kukaza, kaniwekea ubaoni: haya, mkwe wa watu, una dakika kumi, paka uende! Ana moyo mzuri, ndiyo balaa lenyewe. Nimekaa juu ya tairi naandika. Puti inaanza kushika pembeni.
Bosi anapaza sauti kutoka ofisini: umeshapaka?
Nimempigia binti. Nikamwambia wasinisubiri. Akauliza: sasa nani atanishika mkono, baba? Baba yako mdogo, nikasema. Akakata simu.
Nimepiga tena. Hapokei.
Mama mkunga yuko getini anaongea na mlinzi. Sijui nitaanzia wapi kumwambia — na wavu, au na mdomo wangu uliosema zima. Puti imekuwa jiwe ubaoni. Bosi naye anakuja, nasikia viatu vyake.
Nimemwandikia mke wangu: nikifanya kazi na Jumapili, nitafika Alhamisi.