Antipasi Hakuniacha

Ilongero,
Singida.
14 Desemba, 1941

Mpendwa dada yangu Dorika,

Shikamoo. Usishtuke; ni mimi mwenyewe, Nathanaeli, ninayeandika kwa mkono wangu. Habari za huko Mpwapwa? Shemeji Urbano hajambo? Kile kifua chake kimepoa? Na watoto je? Sisi huku hatujambo. Mama ni mzima ila magoti yanamsumbua. Mvua imeanza vizuri na uwele tumekwisha kupanda.

Nilifika nyumbani mwezi uliopita kutoka hospitali ya jeshi Nairobi, kwa lori, kupitia Arusha na Babati. Nachechemea mguu wa kushoto, lakini natembea. Mama aliponiona hakulia. Alinishika mashavu, akanitazama, akauliza, "Umekula?" Hapo mimi ndiye niliyelia.

Nimesikia mlivyoletewa habari kwamba nimepotea vitani, na kwamba ulituma kaniki kwa ajili ya msiba wangu. Asante sana, dada. Mke wangu Kristina alikataa kuivaa kama mjane. Siku hizi anaivaa shambani, na mara nyingine namwona anaitazama na kucheka peke yake.

Sasa nikueleze yaliyonipata. Unajua nilikuwa askari wa miguu katika Keya, jeshi la Mwingereza. Tulipigana na Waitaliano mpakani, kaskazini ya Kenya. Siku tuliyoamriwa kurudi nyuma, risasi ikanipiga paja nikaanguka. Karibu nami alikuwa Antipasi, Mgogo wa huko huko Mpwapwa, ambaye tulilala naye hema moja. Nikamwambia, "Kimbia! Mama yako hana mtoto mwingine."

Akajibu, "Na wako anao wangapi wa kutupa?" Akavua shati lake akanifunga jeraha. Waitaliano wakatukuta pale pale, yeye mzima kabisa, amenyoosha mikono juu.

Walitupeleka Abesinia. Njiani mlinzi mmoja alitaka niachwe, maana sikuweza kutembea. Antipasi akanibeba mgongoni, akanitua, akanibeba tena, mpaka kambini. Huko wafungwa walipasua mawe ya barabara, na asiyefanya kazi alipewa chakula kidogo sana. Mkate wake aliuloweka kwenye maji, akanilisha mimi kwanza. Homa iliponipanda alinisemesha Kigogo, nami nikamjibu Kinyaturu. Hatukuelewana hata neno, tukacheka kama wendawazimu.

Mwaka huu majeshi ya Waingereza yalipoingia, walinzi walikimbia nasi tukafunguliwa. Mimi nilipelekwa hospitali. Yeye kwa kuwa alikuwa na nguvu alirudishwa kikosini. Tulipoagana alinishika mkono akasema neno moja tu: "Mama."

Dada, hiyo ndiyo sababu hasa ya barua hii. Mama yake anaitwa Raheli, na nyumba yake iko nyuma ya kanisa la misheni hapo Mpwapwa. Bila shaka naye aliambiwa kwamba mwanawe amepotea, na Antipasi hajui kuandika. Barua hii ikikufikia usingoje Jumapili, nenda siku hiyo hiyo. Mwambie nilimwacha mwanawe akiwa hai, ana afya, anacheka. Usimwahidi kwamba atarudi, maana vita bado, na mimi sitaki tumdanganye. Ukimkuta analima peke yake, shika jembe umsaidie badala yangu, mpaka mguu huu uniruhusu kuja mwenyewe.

Nisalimie shemeji na watoto wote. Kristina anakusalimu sana, na baba mdogo Isaka pia.

Mama amesimama hapa mlangoni na hataki nifunge barua kabla sijaandika maneno yake. Anasema: "Mwambie mama mwenzangu, mwanangu amerudi nyumbani juu ya mgongo wa mwanawe."

Mungu aliyenitoa kule awalinde ninyi nyote, na amlinde Antipasi popote alipo usiku na mchana.

Ni mimi mdogo wako akupendaye daima,
Nathanaeli