Rambirambi Zenye Mhuri

Hallacombe, Devon, Uingereza
19 Novemba 1996

Kwa Bi. Odile Guivarc'h,

Kamati ya Miji Dada ya Hallacombe imepokea kwa masikitiko makubwa taarifa ya kifo cha mumeo, Bw. Yannick Guivarc'h, mjumbe wa kamati ya Kerveno, Ufaransa, tangu miji yetu ilipofunga undugu mwaka 1974. Mchango wake katika ziara zetu hautasahaulika. Mwenyekiti wetu, Bw. Clifford Peake, atahudhuria mazishi na kuweka shada la maua kwa niaba ya wakazi wote wa Hallacombe.

Tafadhali pokea rambirambi zetu.

W. Askew
Katibu
(Nakala: Jalada)


Hallacombe
2 Februari 1997

Dada yangu Odile,

Hujambo huko? Na Gaëlle, binti yetu, hajambo? Sisi wazima, ila goti langu likisikia baridi linanisema usiku kucha, na Ted wangu ana kikohozi ambacho hataki daktari akisikie.

Nilikuandikia Krismasi, kimya. Nikakuandikia mwaka mpya, kimya. Nikasema labda ni posta. Halafu Bi. Tattersall akanionyesha kadi yako, naye anakaa nyumba ya nne kutoka kwangu. Basi posta haina kosa.

Orodha ya wageni wa Mei naiandaa wiki hii. Nimekuandika kwangu kama siku zote: wewe kitandani kwetu, mimi na Ted sebuleni. Godoro ni jipya, usije ukaanza tena kuwaambia watu kwamba Waingereza wanalala juu ya mbao. Niambie tu kama unakuja na basi la wenzako.

Nimekukumbuka sana.

Dada yako,
Winifred


Kerveno
27 Februari 1997

Bi. Askew,

Salamu. Mimi mzima. Gaëlle mzima, anataka nihamie kwake Rennes, nami sitaki.

Mei nitakuja. Lakini tafadhali niandike kwa Bi. Tattersall.

Najua utauliza kwa nini, kwa hiyo nakwambia. Yannick alipofariki nilipata barua arobaini na tatu. Muuza nyama aliandika. Yule mzee wa kwenu, Bw. Hext, aliyegombana na Yannick miaka sita kwa ajili ya tufe moja katika mchezo wa matufe, aliandika kwa mkono, kurasa mbili, na bado anasema tufe lile lilikuwa lake. Ya kwako ilipigwa mashine na kugongwa mhuri. "Bw. Yannick Guivarc'h." Yannick huyo huyo aliyekuwa akikuoshea vyombo amevaa aproni yako ya maua! Ziara kumi na moja amelala kitandani kwako, Winifred, wewe ukilala kwenye kochi. Na chini pale ukaandika nakala iende kwenye jalada. Nikajiuliza, mume wangu amepewa namba gani humo?

Siku ya mazishi nilikaa kanisani nikitazama mlango. Kila ukifunguliwa, nasema huyo ni Winifred. Akaingia Bw. Peake na shada lake. Akanishika mkono kama mtu aliyekuja kuzindua daraja.

Sina la zaidi.

Odile Guivarc'h


Hallacombe
12 Mei 1997

Odile,

Basi lenu limeondoka saa tatu asubuhi hii, nami nimeketi kuandika kabla sijaingiwa na woga tena. Barua yako ya Februari sikuijibu kwa sababu ya aibu. Nilifuta jina lako kwenye orodha yangu, nikaliandika kwa Tattersall, nikaenda jikoni nikalia.

Siku nne umepita mbele ya geti langu. "Habari za asubuhi, Bi. Askew." Mbona hata mleta maziwa ananiita Winnie! Ted alinisukuma kila siku: "Toka nje kamwambie. Atakufanya nini, atakula?" Nikatoka mara moja, nikafika kwenye ua wa Tattersall, nikakusikia unacheka ndani na wenyeji wako. Nikarudi.

Halafu kile chakula cha jioni cha Jumamosi ukumbini. Unajua desturi yetu: katibu husimama kabla ya supu na kuwataja waliofariki tangu ziara iliyopita, wa pande zote mbili. Majina yalikuwa saba. Nikasoma manne. La tano likakataa kutoka. Clifford akaninong'oneza, "Endelea, Winifred, supu inapoa," na meza nzima ya mbele ikamsikia. Sikuweza. Nikaketi, akamalizia yeye. Nilipoinua macho, kiti chako kilikuwa kitupu. Najua ulikasirika, na una haki.

Sasa nisikilize. Barua ile aliiandika katibu kwa sababu Winifred alishindwa. Mara nne nilianza kwa mkono, kila nikifika kwenye jina lake mkono unasimama. Maneno ya kamati yapo tayari, unajaza jina tu. Nikayachukua. Na mazishi? Clifford alisema utaratibu ni mwakilishi mmoja, nami nikashukuru moyoni. Ningeweza kupanda meli mwenyewe, nani angenizuia? Nilijificha nyuma ya utaratibu. Nilimpenda Yannick kama kaka wa tumbo moja, na nikamwacha azikwe nikiwa ofisini nabandika stempu.

Nisamehe. Usiponisamehe pia nitaelewa.

Winifred


Kerveno
9 Septemba 1997

Dada yangu Winifred,

Hujambo? Goti je? Na Ted, au bado anamficha daktari kikohozi? Mimi mzima kabisa, afadhali kuliko mwaka jana.

Nimekuweka ukingoja jibu kiangazi kizima, na nimefanya makusudi. Mwanzo kwa hasira, baadaye kwa kazi.

Kwanza nikwambie la ukumbini. Sikutoka kwa kukasirika. Tangu Novemba kila mtu analitaja jina la Yannick vizuri tu, kama jina la barabara. Padri analitaja, benki inalitaja, hata Gaëlle. Wewe peke yako likakukwama kooni. Nikatoka nikalia nyuma ya ukumbi, kwenye mapipa ya taka, mpaka nikasikia nafuu. Ningekufuata jioni ile ile, lakini nina kichwa kigumu, unanijua.

Sasa kazi. Gari lake lilikuwa linaoza kwenye banda. Miaka yote hakuniruhusu hata kugusa usukani: "Wewe soma ramani, mpenzi." Basi, na miaka yangu sitini na saba nimekwenda kujifunza. Mwalimu wangu ni mama mmoja mwenye sauti ya sajini. Mtihani wa kwanza nikagonga pipa. Wa pili, kwenye mzunguko wa barabara nikawapisha watu wote, mpaka mtahini akaniuliza kama tutalala pale. Wa tatu ulikuwa Jumanne iliyopita. Nimepata leseni!

Panda meli ya Plymouth Ijumaa tarehe 19. Nitakuwa Roscoff bandarini, gari la kijivu, mimi nyuma ya usukani. Usimwambie Clifford. Ted aje, kama si mwoga.

Tutaanzia makaburini. Mpaka leo nimekwenda kwa gari za watu, Winifred. Wananingoja getini injini ikiunguruma, nami nasimama dakika tano nikiwaonea haya. Sijawahi kukaa naye hata mara moja tangu tumzike. Safari hii tutakaa, wewe na mimi, mpaka tuseme wenyewe basi.

Dada yako,
Odile