Gesi Uliyoipima Juani

Baba Anna, mume wangu,

Leo mchana nimesinzia kibarazani hapa Sigino, nikakuona umechuchumaa kando ya shimo la gesi, shati limelowa jasho, unaitazama mita kama mtu anayesikiliza wimbo.

Unaikumbuka miaka ile? Mafuta ya taa hayakupatikana Babati nzima, na sabuni tuliipangia foleni. Wewe, mwalimu wa sayansi, ukachimba shimo, tukalilisha samadi ya ng'ombe wetu ioze itoe gesi, hadi siku moja jiko likawaka moto wa buluu. Niliutazama mpaka ugali ukaungua.

Ndipo akaja nesi Yasinta wa zahanati ya jirani. Hakuwa na mafuta ya kuchemshia sindano na mikasi ya kuzalishia. Aliomba avutiwe bomba la gesi kutoka kwetu. Jua lilikuwa kali.

"Mwalimu, mita inakimbia! Gesi itatutosha sote."

Ukatikisa kichwa. "Jua limeitanua, nesi. Na huku kwetu juu hewa ni nyepesi, haiikandamizi sana. Kitabu cha jiko kinahesabu gesi ya nyuzi sifuri, kwenye usawa wa bahari. Lazima niirudishe huko kwa hesabu kwanza."

Ukakaa chini, ukazidisha, ukagawanya, na kila mstari gesi yetu ikapungua. Ulipomaliza hukuinua uso. Ilitosha jiko moja tu.

Nilikuwa na mimba kubwa, na moshi wa kuni ulinitapisha. Ungeweza kunyamaza tukagawana, majiko yote mawili yakafifia. Badala yake ukaniambia, "Sema wewe, mke wangu. Mpishi ni wewe."

"Wape," nikasema, machozi yakanitoka kabla hata kuni hazijawashwa.

Tangu hapo ukawa unaamka kabla yangu, unakoka moto, unapika uji, na moshi ukishatoka ndipo unaniita. Uji wako ulikuwa na madonge, nami niliunywa wote.

Anna alizaliwa pale zahanati. Katikati ya uchungu nilisikia maji yakichemka nyuma ya ukuta, yakinguruma polepole, nikajua ni gesi yetu. Hofu ikaniachia.

Sasa Anna ana watoto wake, nawe umelala kaburini Mutuka, kando ya wazee wako. Wananiuliza kama upweke unaniuma. Unaniuma, sana. Lakini kuna mchana kama huu, upepo unatoka ziwani, nami sijui kama niko macho au la. Nikikuona hivyo, sina haraka ya kuamka.

Pumzika, mwenzangu.

Mkeo,
Mama Anna