Donge Kichwani mwa Baba, Mkutano Kwenye Simu

Bi Nadira, mimi hukusoma kila Ijumaa na leo ni mimi niko na shida, tafadhali usinicheke. Baba yetu, Mzee Mungai, alianguka akinywa chai hapa nyumbani Loresho, mdomo ukaenda upande, mkono wa kulia ukalegea, tukamkimbiza hospitali, daktari akasema ni kiharusi, damu imeganda kwa mshipa wa ubongo na lazima itolewe saa hiyo hiyo kwa mrija wa kupitishia pajani, kuna njia ya kufyonza hilo donge na kuna ya kulinasa na kawavu ka waya, yeye ataanza na kufyonza, niweke sahihi. Sasa kwetu hakuna mtu huamua kitu ya mzazi peke yake, hata kuuza ploti ni kamati, kwa hivyo nikaandika kwa grupu ya familia, na kakangu Kibe, ako na ofisi ya mawakili huko tao, akasema nisiguse kalamu, ameona video na wavu ndio mzuri, shangazi Hannah akasema kufyonza kunaweza kutoa ubongo, mwingine akaleta maombi, tukapiga kura, wavu ukashinda saba kwa tano, na daktari bado amenishikia fomu. Nikiweka sahihi masaa matatu yalikuwa yameisha. Fomu iliruhusu njia zote, akafyonza, donge likatoka, lakini Baba haongei na mkono haujarudi. Kibe anataka tushtaki daktari. Hospitali nayo inataka ruhusa waanze kumfundisha kuongea, lakini mkutano wetu ni Jumamosi ijayo, kwa Kibe, Lavington. Niambie, kama wangetumia wavu, Baba angeongea?

Waithera, Loresho

Waithera, sikucheki. Nimekasirika. Saba kwa tano! Mnaupigia kura mrija wa daktari kama mnachagua mwenyekiti wa chama! Huyo Kibe alitibu mshipa wa nani, lini? Na shangazi Hannah mwambie ubongo wa Mzee haukufyonzwa. Wake ndio wa kutafutwa.

Nimemuuliza daktari wa mishipa ya ubongo. Njia hizo mbili zimelinganishwa sana na matokeo yake yanakaribiana. Daktari huanza na ile mkono wake umeizoea, ikigoma hushika ya pili. Kisichongoja ni saa. Damu isipofika, ubongo unakufa dakika kwa dakika. Kwa hivyo jibu lako ni la. Si wavu, ni sahihi yako ya mapema ambayo pengine ingemrudishia maneno. Wahenga walisema chelewa chelewa utakuta mwana si wako. Nyinyi mmekuta baba hasemi. Pole, najua inauma, na najua ulikuwa peke yako na kalamu huku watu kumi na wawili wanakupigia kelele. Lakini uliuliza.

Kibe akitaka kushtaki, na aende akamsomee hakimu ujumbe wenu na saa ulizoandikwa. Atanyamaza mwenyewe.

Na bado hamjakoma! Eti Jumamosi ijayo! Wiki hizi za mwanzo ndizo ubongo hujifunza upya upesi, nanyi mnapanga viti. Jitoe kwenye hiyo grupu leo, nenda hospitali, weka sahihi aanze kufundishwa, usimuulize mtu. Kisha keti karibu na Baba, mshike mkono ulio mzima, umwambie kwamba ni wewe uliyechelewesha. Usidhani kwa kuwa hasemi hasikii. Akigeuza uso ukutani, usitoke. Kaa hapo hapo mpaka ageuke.