Fungu la Mgeni

Jumatatu, 4 Agosti
Daftari hili nimelinyamazia tangu Pasaka. Naliomba radhi. Ni uvivu, sina udhuru mwingine.

Kahawa imeanikwa, mbuzi wamefungwa. Asubuhi niliitwa shuleni na Mwalimu Zuhura, anayemfundisha hesabu mjukuu wangu Koku, darasa la nne. Koku anakosea kugawanya. Mwalimu mkuu anafikiria arudie darasa mwakani. Hapo mdogo wake, Alinda, atamkuta. Watakaa dawati moja. Koku anajua. Chakula anakigusa tu.

Jumanne, 5 Agosti
Nimekagua daftari lake. Sisi tulifundishwa: gawanya, zidisha, toa, shusha. Yeye hashushi chochote. Anatoa mafungu. 312 kwa 12: anatoa 120, pembeni anaandika 10. Anatoa 120 tena, 10 nyingine. Anatoa 60, anaandika 5. Anatoa 12, anaandika 1. Kisha anajumlisha za pembeni. 26.

Jibu ni sahihi. Nilimwambia amebahatisha. Nikapiga mstari mwekundu ukurasa mzima. Hakulia. Afadhali angelia.

Alhamisi, 7 Agosti
Nimefanya hesabu kumi kwa njia yake, peke yangu, nyuma ya ghala. Nilitaka kuifumania. Haina kosa. Ukianza na fungu dogo hupotei, unachelewa tu. Miaka thelathini na minne nilifundisha Kiswahili kwa kanuni na fimbo, na nikawakemea watoto waliofika kwa njia nyingine. Inauma.

Lakini Koku bado anakosea. Za tarakimu tupu anapata zote. Za maneno, nusu. Kilo 312 katika magunia 12: sahihi. Machungwa 312 kwa watoto 12: ameandika 24. Hakuna baki, hakuna alipofuta. Sielewi.

Jumapili, 10 Agosti
Baada ya ibada tulikaa kula matoke. Tuko wanne: mimi, mke wangu Yustina, Koku na Alinda. Koku alipanga sahani tano, kama kila siku. Ya tano ni ya mgeni, kwa kuwa huenda yuko njiani. Ndivyo nilivyolelewa. Ndivyo nilivyomfundisha, tena kwa ukali.

Niliweka kijiko chini. Nikamwuliza, "Yale machungwa uliwagawia wangapi?"

"Kumi na watatu, Babu."

"Kitabu kinasema kumi na wawili."

"Na mgeni je?"

Yustina alicheka mpaka akashika meza. "Mwalimu, mwanafunzi wako huyo! Haya, mchape."

Sikucheka. Kumi na tatu mara ishirini na nne ni 312. Mtoto amegawanya bila kosa. Aliyemwongeza mtu wa ziada ni mimi.

Jumatatu, 11 Agosti
Nimelipeleka daftari la Koku shuleni. Nilimwonyesha Mwalimu Zuhura swali moja baada ya jingine. Penye magunia, sawa. Penye watu, ameongezeka mmoja. Alisoma, akarudia kusoma.

"Mzee, hili sikuliona," akasema. "Na huu mstari mwekundu?"

Nilikiri kuwa ni wangu. Sikumbuki lini mara ya mwisho nilikiri kosa mbele ya mwalimu.

Atampa jaribio jipya Jumatano. Mwalimu mkuu ataamua Ijumaa.

Jumatano, 13 Agosti
Jaribio limefanyika. Koku hasemi lilivyokwenda. Amekula, akaongeza.

Kabla hatujala nilimwomba radhi kwa ule mstari. Aliangalia chini, akasema si kitu. Kisha akauliza kama aache kupanga sahani ya tano. Nilimjibu: kwenye karatasi, wagawie walioandikwa tu. Mezani, mgeni yumo.

Akaenda kuileta.

Ukurasa unaofuata nimeuandika "Ijumaa", basi. Mwalimu mkuu akishatamka, nitaujaza, liwe neno tamu au chungu.