Pikiniki Nyuma ya Mlango

Jumapili jioni, Novemba 2007. Mvua ile nyembamba ya Birmingham, na mimi nina hasira.

Sasa hivi Neema ameinua sahani yake ya wali kutoka mezani, akapita mbele ya baba yake, akaenda kukaa sakafuni nyuma ya mlango. Nikamuuliza, unafanya nini huko, mama? Akanijibu, "This is our hotel, Mummy."

Ana miaka minne. Anatabasamu, mchuzi kidevuni.

Nimekuja kuandika ili nisilie mbele yake.

Wiki mbili zilizopita tulikuwa Mumbai, mimi na yeye, pamoja na Mama Kanta, mzee ninayemtunza kule Kings Heath, mtaa wa hapa mjini. Ni Mhindi wa Kisumu, miguu yake imechoka. Alikuwa anaenda harusi ya mjukuu. Binti yake, Rupal, aliniambia nitakaa nao hotelini, nimlete na mtoto. Nikaamini nimealikwa. Nikashonewa kitenge na mama mmoja Mkongomani pale Balsall Heath. Kanisani niliwaambia wote, wakaniombea safari. Sasa wanadai picha.

Hoteli yenyewe siisifu. Naichukia. Mlango anakufungulia mwanamume mwenye kilemba na masharubu ya kiwaziri, maua yanaelea kwenye bakuli za maji, sakafu inang'aa mpaka unaona sura yako. Nje honi hazinyamazi, ndani hata kikohozi unakionea aibu.

Asubuhi ya kwanza nilivaa kitenge changu, nikamsukuma Mama Kanta kwa kiti chake hadi mezani, nikavuta kiti nikakaa. Rupal hakunitazama. Alimtazama mhudumu. Akamwambia huyu ni wa kumshughulikia mama tu, chakula chake kipelekwe chumbani.

Mama Kanta akagonga meza kwa kijiko. "Wewe Rupal hapana adabu. Huyu nakula na mimi kila siku."

Lakini alisema kwa Kiswahili chake cha Kisumu, na pale mezani aliyekijua ni mimi peke yangu. Rupal alizaliwa hapa Birmingham. Akamfuta mama yake mdomo, akaendelea na chai.

Nikasimama, nikamshika Neema mkono, nikaondoka.

Chumbani, meza na makochi yalikuwa yamejaa sari za harusi, na Rupal alishaonya zisiingie doa. Ikabaki sakafu, nyuma ya mlango. Neema akaniuliza mbona tunakaa chini. Nikamwambia tunacheza pikiniki. Siku sita nilimtandikia taulo nyeupe, nikamkunjia vitambaa vya hoteli vikawa ndege. Nikaifanya tamu.

Kwa hiyo Rupal aliniondoa mezani mara moja tu. Aliyemfundisha mtoto wangu kukaa chini ni mimi.

Mchana wa leo Rupal amepiga simu, sauti asali tupu. Kuna harusi nyingine Aprili, na ati sasa nishajua utaratibu.

Utaratibu!

Nikimkasirisha atatafuta mtu mwingine. Na huyo mwingine atajuaje kwamba Mama Kanta akianza kuhesabu kwa Kiswahili ni maumivu yanampanda? Ndiyo maana nimenyamaza wiki mbili nzima.

Lakini kesho nitaandaa sahani tatu mezani kwa Mama Kanta, yake, yangu na ya Neema. Rupal hupitia saa saba. Atatukuta tumekaa, na sitasimama. Nimefanya mazoezi ya maneno kwa Kiingereza nikiosha vyombo, na elimu yangu ya darasa la nane itanitosha. Pengine hata ataelewa. Mtu huweza kuelewa akiambiwa.

Baba Neema ananiita. "Mama Neema, njoo basi, wali unapoa. Huyu amekuwekea sahani yako huku chini, anasema hali mpaka ufike."

Naenda. Naenda kuzibeba sahani zote mbili nizirudishe mezani, nimpakate mwanangu, nimwambie ile pikiniki imekwisha.